Karatasi Ambayo Cheche Hakuonyeshwa

Kwanza ulikuwa mlio wa simu inayoita upande wa pili: inaita, inanyamaza, inaita tena, kama mtu anayesitasita mlangoni. Kisha ikapokewa, na sauti ya mwanamume ikajaa jiko zima.

"Utumishi, kiwanda cha mashati. Nikusaidie nini?"

Dada mtu alinyoosha mgongo kana kwamba anaonekana. Simu alikuwa ameilaza mezani, kati ya vitunguu na kisu, ameifungulia sauti hadi mwisho. Alikuwa mwalimu wa chekechea. Kabla ya saa nne asubuhi huwa ameshakuwa simba, sungura na bibi kizee. Kuwa bosi wa kampuni hakungemshinda.

"Habari za kazi, bwana. Napiga kutoka kwenye kampuni ya samani. Kuna kijana ameomba kazi kwetu, fundi wa kutengeneza vyerehani. Anasema alikuwa kwenu." Akataja jina kamili la mdogo wake.

Mdogo wake, ambaye kiwandani hakuna aliyemwita kwa jina hilo ila Cheche, alikuwa amesimama mlangoni, hajui mikono aiweke wapi.

"Aa, huyo," sauti ilisema. "Kwa ufundi, hana mpinzani. Ila..."

"Ila nini, bwana?"

"Faili lake si safi. Alimshambulia mfanyakazi mwenzake. Mimi siwezi kukuficha, mama. Ukimchukua, mchukue ukijua."

Dada alishukuru, akakata simu, akabaki anakitazama kitunguu kama vile ndicho kilichosema.

"Ulimpiga nani wewe?"

"Sijampiga mtu!" Cheche alipaza sauti, na ngumi yake ikatua mezani, kisu kikaruka, kitunguu kikabingirika hadi chini ya jiko.

"Haya," dada alisema taratibu. "Ongeza na nyingine. Ili nikiulizwa na mimi niseme nimeona kwa macho yangu."

Sasa ndipo Cheche alipoelewa mambo yalivyokuwa yakienda. Tangu kiwanda cha mashati kipunguze watu naye akawa miongoni mwa waliomwaga unga, alikuwa amefanyiwa majaribio sehemu kadhaa. Kila mahali ilikuwa vilevile: anawekewa mashine mbovu, anaifufua, mafundi wanampigapiga mgongoni, halafu tabasamu zinakauka, anaambiwa, "Tutakupigia." Alidhani ni bahati mbaya. Kumbe ni mdomo wa mtu.

Na leo hii, baada ya chakula cha mchana, kiwanda cha magodoro kingepiga simu ileile. Fundi mkuu wa huko alimwambia waziwazi: kazi umeiweza, tunauliza tu ulikotoka, kisha uje.

Alikuwa ameshavaa viatu.

"Unakwenda wapi?"

"Kwa huyo afisa utumishi, Muhuri. Leo atanitambua."

"Kaa kwanza." Dada alimshika shati. "Nisikilize, mdogo wangu. Yule mtu ameandika kwamba wewe ni wa fujo. Ukiingia pale ukafoka, utakuwa umemtilia sahihi. Ukifika, kalia mikono yako. Ikalie kabisa, kama watoto wangu wanapochokozana."

"Mimi si mtoto wa chekechea."

"Ndiyo maana wao nawamudu."

Getini alimkuta katibu wa tawi la chama cha wafanyakazi, mama aliyepiga pasi mashati miaka mingi kabla ya kuchaguliwa, na ambaye bado alitembea akiwa ametanguliza bega la kulia. Cheche alikuwa amempigia simu njiani, akihema. Mama alimkagua juu hadi chini.

"Jasho hilo ni la jua au la hasira?"

"Yote, mama."

"Lifute. Na unisikie vizuri. Mkataba wetu na kiwanda unasema hivi: karatasi yoyote mbaya inayoingia kwenye faili lako lazima uonyeshwe siku inapoingia, na una haki ya kuandika jibu likae pamoja nayo. Hata kama umeshaondoka kazini, faili lako unaweza kulisoma. Wewe ulionyeshwa?"

"Sijaonyeshwa kitu."

"Basi leo tunakwenda kusoma. Kusoma tu. Umenielewa, mwanangu?"

Ofisi ya utumishi ilikuwa na feni iliyozunguka bila kupuliza na makabati ya chuma yaliyojaa hadi yanakataa kufungwa. Wafanyakazi walimwita afisa huyo Muhuri kwa sababu hakuna karatasi iliyopita mbele yake bila kugongwa. Alikuwa mtu nadhifu, si mkali, mwenye sauti ya kumbembeleza mgonjwa.

"Faili ni mali ya kiwanda, mama katibu. Unalijua hilo."

"Faili ni la kiwanda, yaliyomo ni ya huyu. Lifungue, au nikusomee mkataba neno kwa neno? Muda ninao."

Muhuri alivuta droo, akalitoa faili, akafungua ukurasa mmoja. Cheche aliingiza viganja chini ya mapaja na kuvikalia kwa uzito wake wote. Akasoma.

Ilikuwa imeandikwa kwamba alimnyanyua mfanyakazi mwenzake kwa nguvu na kumtupa ndani ya toroli la vipande vya vitambaa, mbele ya watu wengi. Chini, kwenye nafasi ya mlalamikaji, kulikuwa na sahihi. Sahihi ya rafiki yake aliyeitwa Mgeni.

Damu ilimpanda hadi masikioni. Mgeni! Yule ambaye yeye Cheche alimfundisha kutia uzi, aliyegawana naye mkate! Toroli alilikumbuka vizuri. Pale kiwandani, mtu akimaliza muda wa majaribio na kuthibitishwa, wenzake humnyanyua na kumtupa kwenye vipande, kila mtu anapiga makofi, naye anatoka na nyuzi hadi puani, amekuwa wa kwao. Cheche alikuwa na mabega mapana, basi kazi ya kunyanyua ikawa yake. Na Mgeni alicheka siku ile hadi machozi.

"Mwongo mkubwa," alisema kwa meno yaliyofungana. "Mwite. Mwite huyo nyoka aje anitazame usoni."

"Unaona, mama katibu?" Muhuri aliuliza kwa upole. "Haya ndiyo ninayoyasema."

Cheche alifunga mdomo. Hilo ndilo lililomtesa: kila neno la kujitetea lilipita kooni likiwa na moto, na kila moto ulikuwa ushahidi. Angeweza kuipindua ile meza. Mguu wake ulikuwa ukigonga sakafu peke yake, naye hakuweza kuuzuia.

Mama katibu aliinuka, akachungulia mlangoni, akaita.

Mgeni aliingia akiwa na futi ya kupimia shingoni. Alikuwa amefanya kazi pale kwa muda mrefu sasa, lakini jina la siku ya kwanza lilimganda. Alipomwona Cheche akatanua mikono.

"He! Jini la vyerehani limerudi! Ndugu yangu, mbona umekonda kama sindano?"

"Usiniite ndugu. Umenishtaki."

Mikono ya Mgeni ilishuka. Muhuri alimgeuzia ile karatasi. "Sahihi hii ni yako?"

"Yangu."

"Ulitupwa, hukutupwa?"

"Nilitupwa, bosi. Wewe ulikuwa ndiyo kwanza umeanza kazi hapa, ukaniuliza kama nimetupwa, nikakwambia ndiyo, ukasema weka sahihi. Nilidhani ni ya kuthibitishwa kazini. Ile siku nilisaini karatasi nyingi."

"Hukulalamika?"

"Nilalamike nini? Wasiponitupa ndiyo ningelalamika! Ningejua hawanitaki. Hata huyo wa mashine ya vifungo juzi nimemtupa mimi mwenyewe."

Muhuri alikuwa ameliona kosa lake. Ilionekana kwenye namna alivyouweka muhuri pembeni na kuurudisha. Mama katibu hakumpa nafasi ya kupumua.

"Hakuonyeshwa, hakujibu, na mlalamikaji hakulalamika. Toa karatasi."

Simu ya mezani ikalia. Muhuri akaipokea. "Ndiyo... kiwanda cha magodoro, karibuni." Akamtazama Cheche. Cheche alikuwa hasikii hata feni. Viganja vilishakufa ganzi chini yake. Angeweza kusihi, angeweza kutishia. Alitazama tu midomo ya yule mtu.

"Alikuwa kwetu, ndiyo. Fundi wa vyerehani. Alipunguzwa pamoja na wenzake, si kwa kosa." Akasikiliza swali. "Hapana. Hana lolote baya kwenye faili. Hana."

Karatasi ikatoka, mama katibu akaipasua mwenyewe. Lakini Muhuri hakuwa amemaliza. Alichukua karatasi nyingine, safi.

"Mchezo wa hatari ni mchezo wa hatari, hata ukiwa na makofi," alisema. "Wewe Mgeni, umekiri juzi umemtupa mtu. Kesho saa mbili asubuhi uje hapa upokee onyo lako."

Mgeni aliondoka. Cheche alimkimbilia kwenye ujia, simu yake ikitetemeka mfukoni. Ilikuwa kiwanda cha magodoro: aanze kesho, saa mbili asubuhi, asichelewe. Alijibu kwamba atawapigia. Akamfikia Mgeni karibu na milango ya kupakia mizigo.

"Nilikuita nyoka," alisema.

"Nilisikia. Mlango ulikuwa wazi, ila sikujua ni mimi." Mgeni alijaribu kucheka. "Nina watoto, Cheche. Wakipunguza watu tena, wataanza na mwenye onyo. Na mimi maneno yakiwa mengi naweka sahihi tu, unanijua."

Cheche alimshika mabega yote mawili.

"Usiweke sahihi popote hadi nifike. Kesho saa mbili nitakuwa nimekaa kando yako mle ndani, mimi na mama katibu, na jibu lako tutaliandika pamoja, mstari kwa mstari. Magodoro nawapigia sasa hivi, nawaambia nitachelewa. Wakikataa, wakatae. Nitakuja, Mgeni. Nasema nitakuja."