Gololi za Usukani wa Baba

Kinyozi hajinyoi, wanasema. Mimi natengeneza pikipiki za mtaa mzima, na mbovu kuliko zote ni ya baba yangu mzazi. Ni kuukuu, lakini injini haina neno. Ubovu uko shingoni: ukigeuza usukani, unafika katikati unakwama, tak! Gololi zimekwisha, na vikombe vya chuma zinamozunguka vimechimbika. Siku ukikwepa shimo ghafla usukani ukagoma, uko chini. Na anayekaa nyuma ni mama yangu, anayepelekwa kwenye chumba chake cha cherehani asubuhi na kurudishwa jioni.

Nimesema mpaka nimechoka. "Baba, niachie nikubadilishie."

"Sikio halipiti kichwa," ananijibu. "Kaza nati kidogo tu."

Haya, nakaza. Na kukaza ndiko kunakozidi kuvichimba vile vikombe. Mzee mbishi yule, jamani!

Juzi akaniletea pancha gereji. Akaketi kwenye kiti cha gari bovu pale ukutani, usingizi ukampitia hapo hapo. Mimi mwenyewe nilikuwa hoi, mgongo unaniuma, nimeshafungua injini mbili tangu asubuhi. Lakini nikajiambia, leo ndiyo leo. Nikaziba pancha, nikainua gurudumu la mbele kwa jeki, nikafungua usukani, nikashusha shokapu. Vikombe vya zamani nikavigonga kwa nyundo niliyoiviringishia kitambaa, asije akaamka. Nikaingiza vipya, nikapaka grisi, nikapanga gololi moja moja. Nikakaza nati mpaka shingo ikaacha kucheza, nikailegeza kidogo sana. Nilipousukuma usukani kwa kidole, ukalala kushoto wenyewe, taratibu. Nikausukuma tena, ukalala kulia. Hivyo ndivyo unavyotakiwa kuwa. Nilifurahi, nisiseme uongo.

Akaamka. "Umegusa shingo?"

"Jaribu kwanza, ugombe baadaye."

Pikipiki ikiwa bado kwenye jeki, akashika usukani. Ukaanza kutikisika. Nikadhani nimesahau nati, nikaigusa, imekaza. Gurudumu likawa linacheza hewani, kushoto kulia, kushoto kulia. Ndipo nikaitazama mikono yake.

"Tangu lini, baba?"

Akaificha mgongoni kama mtoto aliyekutwa na sukari. "Ule wa zamani ulikuwa unanishikia," akasema. "Ukifika katikati unatulia, na mimi natulia. Mwanangu, nirudishie zile gololi za zamani."

Baba hajawahi kuniomba kitu kwa sauti ile. Iliniuma, na hasira zangu zote zikanisuta. Nikampa kikombe kimoja cha zamani akione. Akapitisha ukucha wa kidole gumba ndani yake. Ukatetemeka, ukaingia kwenye kishimo, ukatulia.

"Vimekufa kweli," akasema, akanirudishia.

Nikashusha jeki. Ilikuwa imefika saa ya kumfuata mama. Baba akaizunguka pikipiki, akapanda nyuma bila kuambiwa. Njia nzima alinishika shati, na mtetemo wake nikausikia mbavuni. Usukani ulikuwa mwepesi, haukugoma hata mara moja.

Mama alikuwa mlangoni kwake, mkoba begani. Akatazama nani yuko mbele na nani yuko nyuma. Baba akashuka.

"Panda," akamwambia. "Huyu nilimfundisha mimi."

"Na wewe?"

"Nitatembea. Miguu ninayo."

Akauchukua mkono wa mama, akauweka kwenye shati langu pale palipojikunja. "Shika hapa."

Tulipokata kona mama akashusha pumzi ndefu, akaegemeza kichwa mgongoni kwangu. "Leo nitaiona njia," akasema. "Nimechoka kufumba macho."

"Ulikuwa unajua? Mbona hukumwambia aache kuendesha?"

"Ningemwambiaje? Kila asubuhi alikuwa ananipangusia kiti."