Neno Lililoliwa Kichwa

Usiku wa jana niliota nimeingia duka la amplifaya, vile vyombo vya kukuza sauti, kanda ya marehemu mume wangu nimeishika mkononi, nikaambiwa nivue viatu kwa sababu vyombo vimelala.

Nikavua.

Hiyo kanda ni barua. Zamani mtu akiwa mbali, na kalamu hapatani nayo, alijisemea kwenye kanda akampa mtu wa treni. Mhando wangu aliituma kutoka Tabora, alikokwenda kufunga mataruma ya reli. Hakurudi. Homa ilimchukua wiki mbili baadaye. Siku aliyoondoka tuligombana juu ya chumvi kwenye mchuzi, nikamwambia maneno ambayo mtu anayepanda treni haambiwi, na stesheni sikumsindikiza.

Kwenye kanda anasalimia kila mtu, hata jirani aliyetuibia kuku. Mwisho kabisa ananinong'oneza mimi neno moja. Nimelisikiliza miaka thelathini na moja na nasikia mkia tu: "...samehe." Kichwa kimeliwa na mchakacho. Sasa ni "nimekusamehe" au "sijakusamehe"? Maneno yetu ndivyo yalivyo, habari yote iko kichwani, mkia haujui kitu.

"Unataka nini, bibi?" muuzaji ananiuliza. Muuzaji ni hedifoni, kubwa, nyeusi, imekaa kwenye kiti na waya wake imeukunja kama miguu.

"Nataka kichwa cha neno."

"Mimi nina ukinzani wa ohm mia tatu," inasema kwa fahari. "Nakinzana na kila mtu. Leo siku gani?"

"Alhamisi."

"Siyo."

"Jana ilikuwa Jumatano."

"Siyo. Bila amplifaya mwenye nguvu sitoi hata salamu. Chagua."

Rafuni wapo amplifaya watatu. Wa kwanza ni mkubwa kama kabati. Nikamwambia hujambo. "SIJAMBO!" akajibu, na ukuta wa nyuma ukaanguka, tukaanza kuona shamba la mkonge.

"Nguvu unazo, mwanangu. Na kunong'ona je?"

"NDIYO NIMENONG'ONA!"

Wa pili anang'aa, ana adabu zake. "Shikamoo bibi. Sauti yangu ina ngazi nne: kimya, kimya, kimya, na uziwi."

"Marahaba. Kaa hapo hapo."

Wa tatu ni mdogo kama kibweta cha hereni, lakini nikimnyanyua hanyanyuki. "Nguvu zangu zinavuta behewa," anasema polepole, "na mkono wangu unatunga uzi kwenye sindano."

"Basi ni wewe."

"Ngoja kwanza. Kitendawili!"

"Tega!" nikaitika. Mimi hata msibani ukinitegea nitaitika.

Hapo hapo hedifoni imenirukia kichwani, waya imeuchomeka kwa huyu mdogo. Tumefungwa pamoja kama mbuzi wawili wa sadaka.

"Wawili, nyumba moja, hawajaonana tangu wazaliwe."

"Masikio."

"Siyo," hedifoni inaniambia, imenikalia juu ya hayo hayo masikio.

"Ni masikio!"

"Siyo."

Ikanichanganya. Nikasema nimeshindwa. "Nipe mji," akasema yule mdogo. "Nenda Korogwe," nikamjibu, kama ninavyowajibu wajukuu. Kwetu ni maneno ya mchezo. Aliyetega anajisifu kidogo kwa mji aliopewa, halafu anatoa jibu, hakuna anayetoka mkekani.

Huyu akaenda. Waya ukanivuta.

Tupo Korogwe, stesheni, miguu yangu haina viatu. Mama mmoja muuza machungwa ananipa pole ya safari. Amplifaya anasema, "Nimefika Korogwe, nimekula, nimelala, nimependwa. Jibu ni masikio."

"Si nilisema!"

"Hukusema," inajibu hedifoni.

Nikawaza. Kumbe ukishindwa unasafirishwa.

"Tega kingine," nikamwambia.

"Naingia bila hodi, nakaa bila kiti, ukinishika sipo."

Ni sauti. Mtoto wa darasa la pili anajua ni sauti. Neno limenifika ulimini, nikalimeza kama kidonge. "Baba wee, nimeshindwa."

Hedifoni haikusema siyo. Nadhani ilishtuka.

"Nipe mji."

"Nenda Tabora."

Tupo kwenye chumba kimoja chenye kitanda. Mhando amekaa kitandani na fulana yake, redio ya kaseti iko mapajani, midomo inacheza. Sisikii kitu. Kati yetu kuna ngazi inapanda.

"Kila hatua ni sauti moja," amplifaya ananiambia. "Panda taratibu. Kanda inakaribia mwisho, na leo hairudishwi nyuma."

Napanda. Kwenye ishirini nasikia kikohozi chake. Kwenye thelathini anasalimia mwizi wa kuku. Arobaini na moja, sauti yake ipo lakini mwanzo wa kila neno umekatika, "...limu watoto." Nikapanda arobaini na mbili, mchakacho ukanipiga kama mvua ya masika juu ya bati. Nikashuka. Mhando amesogeza mdomo kwenye redio. Limebaki neno langu.

"Nusu unayo?" nikauliza.

"Hata robo ninayo. Ndiyo kazi yangu."

"Hamna nusu hapa," ikasema hedifoni.

"Hebu ninyamazie wewe!"

Nikakusanya kanga, mguu mmoja nikauacha arobaini na moja, mwingine nikauweka arobaini na mbili, kama mtu anayevuka mfereji. Mvua ikaacha. Chumba kikawa kimya hata nikasikia meno yangu.

"Mama Mwatumu," akasema Mhando. "Nisamehe."

Ni. Basi. Hamna nimeku, hamna sijaku. Mtu niliyemwogopa miaka thelathini na moja kwamba amekufa na kinyongo nami, kumbe alikuwa anaomba.

Nikakaa pale pale kwenye ngazi. Kifua kikashuka kama gunia lililofunguliwa kamba.

"Nimekusamehe," nikamwambia kwa sauti ndogo. "Na mimi je, Mhando?"

Akainua kichwa kama aliyeitwa kutoka jikoni. "Nilishakusamehe kabla treni haijafika Korogwe. Ila mchuzi ulikuwa na chumvi."

Nikaamka nacheka. Jua limeshapanda, binti yangu Mwatumu amesimama na bakuli la uji, ananitazama upande huu, akaja upande wa pili.

"Mama, ulilalia nini?"

"Mto. Kwani?"

"Masikio yako yote mawili yana alama ya duara. Kama yamebanwa na vikombe."

Humu ndani tuna redio moja na sufuria. Hedifoni hatujawahi kuwa nayo. Nikapeleka vidole taratibu. Mfereji wa ile alama ulikuwepo, umezunguka sikio zima, na bado una joto.