Waliokula Wamesifu

Nyumbani kwetu chakula hakikosolewi. Sheria hiyo aliiweka marehemu baba, kwa utani tu, siku kaka yangu alipolalamika kwamba maharage yana maji mengi: anayekosoa, kesho anaingia jikoni yeye. Kaka, ambaye hata chai akiipika inaungua, tangu siku hiyo alifungua mdomo kwa kutafuna na kusifu tu. Baba akafa, sheria ikabaki. Tulikuwa tunaiita adabu. Mimi leo naiita uoga, na ninayo sababu.

Mama alikuwa na daftari la mapishi, kubwa, jalada lake limelainika kwa mafuta ya miaka. Kila pishi aliliandika kwa namna moja. Kwanza vitu na vipimo. Halafu kichwa kidogo, "Usipokuwa nacho", ambapo alieleza njia ya kujiokoa: karoti hakuna, tia malenge, maziwa hakuna, ponda kiazi kimoja ukoroge humo humo. Mwisho kulikuwa na "Waliokula", na hapo aliandika tulichosema. Kila siku tukimaliza kula aliuliza, "Kikoje?" Tukajibu, naye akaenda kuandika. Kaka alikuwa akimtania kwamba ni karani wa mahakama.

Mwaka jana mama alishikwa na mafua makali yaliyomlaza wiki mbili. Alipoinuka, chakula chake kikaanza kuharibika. Supu ya malenge ilikuja na chumvi ya kukunja uso. Kaka akanitazama, nikamtazama, tukameza.

"Kikoje?"

"Kitamu, Mama."

Baadaye uani kaka alisema ni uchovu, utapita. Mimi nikasema ni uzee, na nilijua vizuri kwamba uzee haupiti. Siku nyingine chakula kilikosa chumvi kabisa, siku nyingine viazi vilipondwa na maziwa yaliyochacha. Nikajifunza kunywa maji vikombe viwili kabla ya kukaa mezani. Kaka, fundi seremala, akaanza kudai kwamba ameshakula huko karakanani.

Mimi nafanya kazi kwenye duka la kuchapa na kutoa fotokopi. Mama alikuwa anakaribia kutimiza miaka sitini, nikaona nimchapie daftari lake liwe kitabu, kiwe zawadi yake. Nilimwomba aniazime siku moja. Alinipa shingo upande, akanionya nisichelewe kurudi, maana kuna la kuandika: leo ni maharage na viazi, na saa tisa anayabandika.

Mchana wateja walipopungua nikaanza kuchapa. Kurasa za mwanzo nilizichapa huku natabasamu. Kisha nikafika kwenye kurasa za baada ya mafua.

"Mchuzi wa nyanya. Chumvi kijiko kimoja badala ya nusu. Sioni ladha. Waliokula: wamesifu."

Nikaendelea, lakini polepole.

"Mayai na vitunguu. Chumvi vijiko viwili. Kwangu ni kama natafuna karatasi. Waliokula: wamesifu, mkubwa ameomba nyongeza."

"Viazi. Leo sikutia chumvi kabisa, nione kama watasema. Wamesifu."

"Maharage. Nimetia sukari penye chumvi. Nimeuliza mara mbili. Wamesifu."

Nilikumbuka maharage yale. Nilikumbuka hata nilivyolamba kijiko ili anione. Chini yake mama alikuwa ameandika kwa herufi zilizotulia: "Basi ni wasiwasi wangu tu. Ulimi wangu ni mzima, chakula ni kizuri." Aibu ilinishika mpaka masikio yakawa ya moto. Nilitaka kulifunga daftari, nikafunua ukurasa wa mwisho. Ulikuwa wa jana.

"Mtungi mpya umeletwa. Gesi ya siku hizi haina harufu. Jiko linazimika lenyewe dirisha likiwa wazi, kwa hiyo kuanzia kesho nitafunga dirisha."

Niliusoma mstari ule mara mbili. Jana jioni, nilipoingia, jikoni kulikuwa kunanuka gesi, nami nilifungua dirisha zaidi bila kusema neno, nikidhani amewasha sasa hivi.

Saa ya ukutani ilikuwa tisa na dakika tano. Nilipiga simu, ikaita mpaka ikakata. Mama simu yake huilaza chumbani kama mgonjwa. Nilimwachia mteja karatasi zake mashineni nikatoka mbio, viatu mkononi. Kutoka dukani hadi nyumbani ni mwendo wa dakika kumi, na siku hiyo kila mtu barabarani alitaka kunisalimu.

Harufu ilinipokea mlangoni. Mama alikuwa amesimama mbele ya jiko, sufuria ya maharage iko juu, dirisha limefungwa. Miguuni pake kulikuwa na njiti mbili za kibiriti zilizovunjika, na ya tatu ilikuwa vidoleni mwake.

"Afadhali umerudi," alisema. "Nimekuja na vitunguu nikakuta maharage yamefurika, jiko limezimika. Na kibiriti nacho kimelowa hapo kwenye sinki. Ngoja, hii itawaka."

Nilimdaka mkono, njiti ikaanguka, nikampokonya kibiriti. Nilifunga mtungi, nikasukuma dirisha, nikamvuta mpaka uani.

Alikasirika, na alikuwa na haki. Aliniuliza namvuta kama mwizi wa kuku kwa kosa gani. Nikamwambia nyumba imejaa gesi, inanuka hadi nje. Akasema hainuki, yeye amekuwa humo muda wote.

"Huisikii, Mama," nikasema. "Pua yako haisikii kitu. Na chakula chako ni kibaya. Tangu ulipougua ni kibaya."

Alifuta mikono kwenye kanga, ingawa haikuwa na maji.

"Na mlikula?"

"Tulikula."

"Mwaka mzima."

"Ndiyo, Mama."

"Mimi niliwauliza," alisema. "Kila siku niliwauliza."

Nilitaka kumwambia kwamba ni adabu, kwamba ni sheria ya baba. Nikasema tu nisamehe. Aligeukia mlango wa jikoni, uliokuwa wazi.

"Harufu ipo hata sasa?"

"Ipo."

Akafumba macho, akavuta pumzi kwa nguvu. Akavuta tena, na tena, kama mtu anayepapasa mkobani akitafuta ufunguo ambao ana hakika aliutia humo. Kisha akatikisa kichwa, akakaa kwenye ngazi. Nikakaa kando yake, kibiriti nimekibana ngumini mpaka kikabonyea.