Sitaha ya Tatu

Jumatatu moja, saa tatu asubuhi, Mama Vijiti alikuwa akipima masanduku kwenye mizani ya jikoni. Kila seti, iwe ya meli ipi, ilikuwa na vipande mia mbili na kumi na vinne vya mbao, vipande vitatu vya akiba, msasa, chupa ndogo ya gundi na karatasi ya maelekezo. Ukijumlisha na sanduku lenyewe unapata gramu mia sita na arobaini. Uzito ukipungua, kuna kipande kimesahaulika. Ukizidi, basi mama mkwe wake ameacha miwani ndani, jambo lililokwisha kutokea mara mbili, na mara ya pili mteja aliirudisha kwa posta akiuliza inaunganishwa upande gani wa meli.

Jina la Mama Vijiti alipewa na mtaa. Watu wengine wanauza meli, walisema, huyu anakuuzia vijiti halafu meli ukaitafute mwenyewe. Walimcheka mpaka wakachoka. Yeye akaendelea kuchora, kukata na kupima, na kufika mwaka wa saba alikuwa na aina sita za meli kwenye orodha yake, na wateja katika miji ambayo hajawahi kuikanyaga. Karakana yake ilikuwa sebule. Mashine ya leza ya kukatia plaiwudi ilikaa dirishani, moshi wake ukitoka kwa bomba la bati, na meza ya chakula iligeuzwa meza ya kazi siku nyingi, kwa hiyo wakwe hao wawili walikula sahani zikiwa mapajani.

Kulikuwa na sheria moja tu ndani ya nyumba ile. Hakuna seti iliyotoka mlangoni kabla mama mkwe hajaiunganisha peke yake, kwa kusoma karatasi, na Mama Vijiti haruhusiwi kufungua mdomo. Bibi huyo alikuwa na miaka sabini na miwili, vidole vyenye baridi yabisi, na ulimi usio na baridi hata kidogo. Alipokwama alisonya, na kila aliposonya Mama Vijiti alikwenda kuandika upya mstari huo. Siku moja karatasi ilimwambia aingize kipande kwenye pengo. Akauliza pengo lipi, hili la kinywani mwake? Tangu siku hiyo mapengo yote yakapewa namba.

Kampuni ya meli ilipokaribia kutimiza miaka hamsini, ilimtuma afisa uhusiano wake, kijana mwenye tai na adabu za kukariri, kuagiza seti mia tatu. Zilitakiwa za meli iliyokuwa maarufu kuliko zote za kampuni, na wageni wa sherehe wangeziunganisha pale pale mezani. Meli hiyo ilikuwa chini ya ziwa mwaka wa kumi na moja sasa. Nahodha wake alikuwa mume wa Mama Vijiti, naye alikuwa huko huko chini. Afisa alilijua hilo. Alisema hayo ni mambo yaliyopita, na isitoshe alikwisha kuulizia, hakuna mwingine anayefanya kazi hii.

Taarifa ya uchunguzi wa ajali ile ilikuwa na kurasa arobaini, lakini watu walishika maneno mawili tu: kosa la nahodha. Iliandikwa kwamba meli ilikuwa na sitaha mbili za abiria, nzima kabisa, na kwamba nahodha aliikata kona kwa pupa. Nahodha mwenyewe, alipokuwa hai, alikuwa akirudi nyumbani analalamika mpaka chakula kinapoa. Kampuni imejenga sitaha ya tatu juu ya zile mbili ili ipakie watu zaidi, alisema, na sasa meli ina kichwa kizito. Aliandika barua tatu. Mara zote tatu aliambiwa aendeshe. Baada ya ajali barua hizo hazikuonekana, picha zote zilizotundikwa ofisini zilikuwa za siku meli ilipozinduliwa, na manusura waliotaja sitaha ya tatu waliambiwa wamechanganywa na mshtuko. Abiria waliokatiwa tiketi za huko juu hawakuingizwa kwenye orodha ya waliokufa, kwa kuwa hapakuwa na mahali ambapo wangekuwa wamekaa.

Bibi alijaribu kwenda sokoni mara moja tu baada ya hapo. Muuza vitunguu, ambaye mdogo wake wa kike alipanda meli ile na hakurudi wala hakutokea kwenye orodha yoyote, alifunika mizani yake kwa gunia. Alisema yeye hamuuzii mama wa muuaji. Wauzaji wengine wakatazama bidhaa zao. Bibi akarudi na kikapu kitupu, na kwa miaka kumi na moja mkwe wake ndiye aliyekwenda sokoni. Hakutaka fidia bibi yule, wala hakutaka kuombwa radhi na wakubwa. Alichotaka kilikuwa kimoja: apite sokoni mchana kweupe na kikapu chake, aulize bei, abishane, na asinyooshewe kidole. Alikitaka kiasi kwamba alikuwa hakitaji.

Mama Vijiti aliipokea kazi. Aliwaambia majirani kwamba kazi ni kazi, lakini ukweli ni kwamba alitaka kuishika ramani ya meli ile kwa mikono yake. Ramani ilikuja. Sitaha mbili. Akaitazama siku nzima, akaipunguza vipimo mara mia, akachora vipande, akakata seti ya kwanza na kumkabidhi mama mkwe. Bibi aliiunganisha kwa muda wa saa tatu, akasonya mara tisa tu, akaiweka katikati ya meza gundi ikauke. Wakaenda kunywa chai. Dakika arobaini baadaye sitaha ya tatu ilikuwa imeota.

Haikuota kwa fujo. Zilitangulia nguzo nane, nyembamba, halafu sakafu ikajitandaza juu yake, halafu ukingo, halafu mabenchi kumi na mawili. Mama Vijiti akatua kikombe. Akasema ni unyevu, plaiwudi imekunywa maji. Akachukua msumeno mdogo, akaikata, akapiga msasa. Kesho yake ikaota. Akabadilisha plaiwudi, akabadilisha gundi, akaisema mashine. Ikaota tena, na mishipa ya mbao yake ilioana na ya sitaha za chini kana kwamba ni ubao mmoja. Kisha meli ikainama polepole upande wa kushoto, ikalala ubavu juu ya meza. Mama Vijiti alikuwa mtu wa kujivunia vipimo vyake, na kilichomuuma zaidi ni kwamba alipoipima sitaha ile hakuipata na kosa hata la unywele.

Siku ya nne bibi alimnyang'anya msumeno.

"Iache," alisema. "Mwanangu alisema ziko tatu, na mimi nilimsikia."

Mama Vijiti alikaa kwenye kigoda, akalia. Alilia kwa sababu yeye pia alimsikia, miaka yote ile, na kuna siku alikuwa ameanza kufikiri kwamba labda hakusikia vizuri.

Lakini mkataba ulisema sitaha mbili, na mkataba ulikuwa na sahihi yake. Akatafakari siku mbili. Halafu akafanya kama alivyoagizwa, neno kwa neno: seti mia tatu, vipande mia mbili na kumi na vinne, sitaha mbili, gramu mia sita na arobaini. Mle ndani hakuongeza hata kijiti. Aliongeza mstari mmoja tu mwishoni mwa karatasi ya maelekezo: "Gundi ikikauka, acha nafasi ya kidole kimoja juu ya meli." Afisa uhusiano aliisoma karatasi yote akiwa na kalamu nyekundu, akasahihisha mkato mmoja, akaidhinisha.

Sherehe ilifanyika asubuhi, katika ukumbi wa kampuni wenye mapazia mazito na feni zinazolia. Mama Vijiti na mama mkwe wake walialikwa kama mafundi, wakapewa meza ya nyuma karibu na mlango wa jikoni. Wageni walikunja mikono ya mashati wakaanza kuunganisha. Walipendeza kuwatazama. Mabwana wazito waliokuwa hawajashika msasa maisha yao walikuwa wanagombania kibano, na mke wa meneja wa benki alimaliza wa kwanza akapigiwa makofi. Hakuna aliyekwama. Bibi alihesabu waliosonya, hakupata hata mmoja, akamfinya mkwe wake pajani kwa furaha.

Mwenyekiti wa kampuni akasimama kuhutubia wakati gundi inakauka. Hotuba ilikuwa imefika kwenye uzinduzi wa bandari mpya pale mabenchi yalipoanza kutokea. Ukumbi ulijaa sauti ndogo, kama karanga zinazokaangwa kwenye sufuria la jirani. Meli mia tatu zilipata sitaha ya tatu, na kwa kuwa kila mmoja alikuwa amesoma maelekezo, hakuna iliyogonga kitu. Halafu zote pamoja zikalala upande wa kushoto. Wageni wakasogeza glasi zao. Mwenyekiti naye aliisogeza meli yake, maana ilikuwa imelalia karatasi ya hotuba, akasoma kwamba meli za kampuni zimekuwa na sitaha mbili tangu siku ya kwanza. Watu wakapiga makofi kwa adabu, huku wakiinama kuchungulia sitaha ya tatu.

Muuza vitunguu alikuwa jikoni. Alikuwa ameleta magunia mawili kwa wapishi, na alichungulia mlangoni kuona makofi hayo ni ya nini. Akaiona meli kwenye meza ya karibu. Akajifuta mikono kwa kanga, akaingia ukumbini, akainama. Kwenye benchi la mwisho, upande wa kushoto, palikuwa na kitambaa chekundu cha kichwa, kidogo kama punje ya mchele. Akaenda meza ya pili. Kipo. Akaenda ya tatu, ya nne, akizunguka kati ya viti na hakuna aliyemzuia. Kitambaa kile alimfunga mdogo wake kwa mikono yake, asubuhi ya safari, kwa sababu huko juu kuna upepo.

Alipomaliza meza zote alikwenda kusimama mbele ya bibi. Mwenyekiti alikuwa bado anasoma.

"Mama," alisema, "mdogo wangu alikaa hapa. Nimemwona. Na mwanao aliendesha meli aliyopewa."

Akapiga magoti, akaficha uso mapajani mwa mwanamke ambaye yeye hakumsalimu kwa miaka kumi na moja. Bibi aliweka mkono juu ya kichwa chake na kuuacha hapo. Machozi yalikuwa yakimtoka naye, na hakujisumbua kuyafuta.

"Kesho nitakuja kununua vitunguu," alimwambia. "Unipimie vizuri."

Kuanzia hapo hotuba ilikosa wasikilizaji. Watu walikuwa wakinyanyuka mmoja mmoja kuja meza ya nyuma, wamebeba meli zao kwa mikono miwili, wanampa bibi pole walizokuwa wamezichelewesha. Baharia mmoja mstaafu alimwonyesha benchi ambalo yeye mwenyewe aliruka kutoka juu yake kuingia majini siku ya ajali. Mke wa meneja wa benki aliuliza kama anaweza kupata seti nyingine, ya dada yake.

Kesho yake bibi alivaa gauni la buluu ambalo lilikuwa likingoja sandukuni. Alikataa kushikwa mkono. Mama Vijiti aliruhusiwa kufuata, ila kwa umbali wa hatua kumi. Sokoni watu walimpisha, kisha wakamsalimu, kisha wakamzonga. Aliuliza bei za vitu ambavyo hakuwa na nia ya kuvinunua. Aliuliza bei ya jembe. Alibishana na muuza viazi mpaka muuza viazi akainua mikono, na sauti yake ilisikika hadi kituo cha basi. Mama Vijiti, hatua kumi nyuma, alikuwa anatembea na kichwa juu na kifua kimejaa, akatamani soko liwe refu zaidi.

Yaliyobaki yalibaki kama yalivyo. Taarifa bado inasema kosa la nahodha. Orodha ya waliokufa haijaongezwa jina hata moja. Kampuni ilijibu kwa maandishi kwamba vitu vya kuchezea si ushahidi, na mwenyekiti akaongezewa miaka mitano ya uongozi. Lakini meli ile sasa iko kwenye rafu za nyumba nyingi, imeegemezwa kwa kiberiti ili isianguke, na wenye nyumba wakipangusa vumbi hupangusa na sitaha ya tatu. Barua za maombi zilikuwa nyingi kiasi kwamba Mama Vijiti alinunua mashine ya pili, na wakwe hao walianza kula uani.

Mwezi uliofuata afisa uhusiano alirudi na tai mpya. Wageni walikuwa wamefurahi mno, alisema, na kampuni ingependa seti mia tano zaidi. Akaacha ramani ile ile, na juu yake mtu alikuwa ameandika kwa herufi kubwa: SITAHA MBILI TU. Mama Vijiti aliitazama, akamtazama mama mkwe wake, akachukua kalamu ili ajibu. Bibi alikuwa anakata vitunguu. Hakuinua kichwa.

"Waandikie kwamba mbili tutazikata sisi," alisema. "Ya tatu ni yao tangu zamani, itawafikia bila kuagizwa."

Mama Vijiti akaandika hivyo hivyo, kwa mwandiko wake mzuri, akamkabidhi afisa. Afisa akasoma, akatia sahihi.