Teke la Jana

Daktari wa hospitali kuu alikuwa akiwatazama watoto tumboni kwa mbali. Picha za ultrasaundi kutoka zahanati ya mkunga mmoja zilimfikia kupitia mtandao, kilomita mia mbili na ushee. Mkunga alikuwa na utani wake: "Daktari, hilo teke unaloliona ni la jana." Wajawazito walicheka, lakini moyoni mkunga mwenyewe hakucheka. Picha iliganda, ikaruka, ikafika vipande vipande, na mwezi ule mara mbili ilimbidi ampakie mjamzito kwenye gari la kwenda hospitali kuu katikati ya uchungu kwa sababu daktari hakuona vizuri.

Fundi wa mkoa alikuja, akasema laini ya mtandao ni nyembamba, wasubiri nyingine mwakani.

"Mwakani hawa watoto watakuwa wanatembea," mkunga akamjibu.

Akampigia bintiye wa pekee, aliyesomea mitandao. Binti akaja, akamwamkia mama, akavuta kiti. Asubuhi nzima alitazama tu kinachopita kwenye laini. Kisha akaita:

"Mama, njoo uone. Mtoto akicheza kidogo tu, kompyuta inatuma skrini nzima upya. Fomu, vitufe, hata hii nembo inayometameta pembeni! Daktari anavyo tangu saa mbili."

"Sasa?"

"Sasa vikae kulekule kwake. Sisi tutume kilichobadilika tu. Tena picha yenyewe ni ya kijivu, marangi yote hayo ya nini?"

Akaizima nembo, akapunguza rangi, akabadilisha hiki na kile. Mkunga hakuelewa yote, ila mikono aliielewa: haikusita hata mara moja.

Mchana akalala kitandani mjamzito aliyehofiwa kwamba mtoto wake ametanguliza makalio.

"Hapohapo, mkunga, usisogeze," sauti ya daktari ikasikika. Mshale wake ukateleza kwenye skrini, laini kama mafuta, ukazunguka kitu cha mviringo. "Kichwa hiki, kiko chini. Atajifungulia kwako. Ehe, mmeletewa laini mpya?"

"Laini ni ileile, daktari." Mkunga akamgeukia bintiye. "Tumeletewa fundi. Nimemzaa mwenyewe, kilo tatu na nusu."

"Mama, jamani!" Binti akafunika uso.

Lakini mkunga alikwisha fika mlangoni. Kwenye benchi walikuwapo wanawake sita wakisubiri zamu, na hakuna hata mmoja aliyekuwa ameuliza. Akawaeleza wote, tangu mwanzo.