Usiniambie Matokeo

Siku timu yetu inapocheza na majirani zetu wa ng'ambo ya mpaka, mume wangu hasalimii mtu akitoka kazini. Anapita njia za vichochoroni, kichwa chini, masikioni kavaa vile vifuniko vikubwa vya kazini, maana yeye ni fundi mitambo katika kiwanda cha uchapaji na mashine zao zinaua masikio. Akinikuta mlangoni ananyoosha kiganja kama askari wa barabarani. "Usiniambie." Kisha anaingia chumba cha televisheni, anafunga kwa ufunguo, anaanza kuangalia tangu mpira wa kwanza mechi ambayo mji mzima umeshajua ilivyoisha. King'amuzi kimemrekodia. Haruki hata tangazo la sabuni.

Huo ndio wazimu nilioolewa nao. Watu wa kriketi ukiwauliza uhasama wa timu za taifa watakutajia India na Pakistani, watakutajia Waingereza na Waaustralia, na sibishani nao. Lakini hao nawaona kwenye televisheni tu. Sisi na majirani zetu tukikutana, harusi zinasogezwa mbele, na mwalimu mkuu wa shule ninayopikia, ambaye ameoa kwao, siku hiyo anakula ofisini peke yake.

Aliyemfanya mume wangu azibe masikio ni jirani tunayepakana naye ukuta, fundi cherehani tunayemwita Redio, kwa sababu habari haikai tumboni mwake. Kuna mwaka alikuja kugonga akilia kwamba tangi letu la maji linafurika. Mume wangu akatoka mbio, peku. Redio akamwambia tangi halina neno, ila tumepigwa vibaya, akacheka mpaka akakaa chini. Mara nyingine akapitisha karatasi chini ya mlango, matokeo yameandikwa kwa herufi kubwa. Tangu hapo mume wangu siku ya mechi haitikii hodi, hasomi karatasi, na simu anaizima. Nyumba ikiungua atasema ni Redio.

Mngemcheka, na mimi nilikuwa namcheka. Lakini kwake haukuwa ushabiki mtupu. Yule mrushaji hodari wa majirani, yule ambaye wapigaji wetu walikuwa wakimwona magongo yanawatetemeka mikononi, alikuwa mdogo wake, tumbo moja.

Mama yao aliwaacha wadogo, na mume wangu ndiye aliyemlea huyo mdogo wake. Alimfundisha kurusha uchochoroni nyuma ya kiwanda, kwa mpira wa tenisi waliouzungushia utepe wa gundi, na badala ya vile vijiti vitatu ambavyo mpigaji huvilinda waliweka kreti tupu ya soda. Kijana akakua, akawa moto. Wateuzi wa timu yetu wakamwita, wakamwacha, wakamwita tena, wakamwacha tena. Akachoka. Akapata kazi ng'ambo ya mpaka, akaoa huko, akachukua uraia, na wale majirani hawakufanya ajizi, wakamvalisha jezi.

Mechi yake ya kwanza dhidi yetu aliviangusha vijiti vya mpigaji wetu wa mwisho, tukawa tumepigwa, naye akapiga magoti akalia kwa furaha. Kesho yake kiwandani wakamtundikia mume wangu jezi ya majirani kwenye mashine yake, wakamwita kaka wa msaliti. Jioni mdogo mtu akapiga simu. Nilikuwepo. Mume wangu alimsikiliza kidogo, akasema, "Umekosea namba. Mimi sina ndugu huko." Akakata.

Basi. Kila mmoja akanuna upande wake, na wote wawili wana vichwa vya mawe, wamerithi kwa baba yao. Simu zikakoma. Ila mimi nilikuwa namsikia mume wangu mle chumbani akirudisha nyuma mipira ya mdogo wake, anaiangalia tena na tena. Nikimuuliza, ananijibu anamsoma adui.

Mwaka huu ikatangazwa kwamba mdogo mtu anastaafu, na mechi yake ya mwisho ni dhidi yetu, hapa hapa mjini. Zile mechi fupi, zinaanza asubuhi na mchana zimeisha. Mume wangu alikuwa zamu ya asubuhi na hakuomba ruhusa. Jumapili kabla ya mechi nilimkuta anapiga pasi shati lake jeupe, yeye ambaye pasi haijui inawashwa wapi.

"Unaenda wapi na shati hilo?" nikamuuliza.

"Siendi popote." Akapitisha pasi kwenye ukosi. "Akinitafuta, nitaenda. Lakini aanze yeye. Mimi ni mkubwa, nitauweka wapi uso?"

"Mkubwa ndiye aliyekata simu."

Akarudia ukosi uleule mpaka nikamwambia atauchoma.

Siku ya mechi nilikuwa nimerudi kutoka shuleni, bado sijavua kitambaa cha jikoni, simu yangu ikaita. Namba ngeni.

"Shemeji, ni mimi."

Nikakaa kwenye ndoo iliyogeuzwa.

"Mechi imeisha, mmetupiga," akasema, nikamsikia anatabasamu. "Basi letu linatoka hotelini saa kumi na moja kwenda uwanja wa ndege. Mimi nimekaa hapa nje kwenye ngazi na begi langu. Mwambie kaka aje. Asiseme kitu, aje tu."

"Atakuja," nikasema. "Atakuja akikimbia."

"Kweli, shemeji?"

"Anatoka kazini sasa hivi. Wewe mngoje tu."

"Namngoja. Maana nikiondoka leo sina tena kinachonileta huku. Asipokuja, nitakuwa nimepata jibu langu, na sitamsumbua tena maishani."

Nikalichukua lile shati jeupe nikaenda kusimama getini nalo mkononi. Furaha niliyokuwa nayo, hata Redio alivyotoka kunichokoza sikumjibu. Barabarani magari yalikuwa yameshaanza kupiga honi za ushindi. Nikamwona mume wangu anakata kona, vifuniko masikioni, macho yameganda kwenye vidole vya miguu yake. Akaona shati, hakuelewa. Nikamshika mkono, nikamvua kifuniko kimoja kwa nguvu.

"Mdogo wako..."

"Usimtaje." Akanipokonya mkono. "Ukimtaja tu nitajua nini kimetokea." Akaanza kuimba kwa sauti, mtu mzima na mvi zake, akanipita, akaingia chumbani. Nikasikia ufunguo.

Niligonga. Niligonga kwa kiganja, kwa ngumi, kwa mwiko. Nikaliita jina la mdogo wake kwa sauti ya kusikika mpaka barabara kuu, naye akaongeza sauti ya televisheni. Nikaandika karatasi, "Mdogo wako anakungoja hotelini, nenda sasa," nikaipitisha chini ya mlango. Ikarudishwa imekunjwa vilevile, haijafunguliwa. Dirishani alishashusha pazia. Swichi kubwa ya umeme iko humo humo chumbani, nyuma ya mlango, na ingekuwa nje ningeizima bila huruma.

Nikameza kiburi nikamwita Redio. Nilipomweleza, uso wake ulibadilika, sijawahi kumwona vile. Alikwenda mlangoni akagonga kwa adabu. "Ndugu yangu, leo sitanii. Fungua. Mdogo wako anakutaka."

Kutoka ndani ikaja sauti: "Nenda kalitazame tangi."

Redio akanigeukia. Akatoka kutafuta gari ili angalau mimi nifike huko hotelini. Akarudi jasho linamtoka. Watu walikuwa wamejaa barabarani wanacheza juu ya maboneti, hakuna gari linalosogea, na hoteli iko upande mwingine kabisa wa mji.

Simu ikaita tena.

"Shemeji, kaka ametoka kazini?"

"Ametoka, yupo nyumbani." Nilitafuta njia ya kulisema, sikuipata. "Amejifungia. Anaangalia mechi."

"Mechi gani?"

"Ya leo. Yenu."

"Shemeji, mechi ya leo imeisha mchana."

"Anaangalia ya kurekodi, hataki kuambiwa matokeo. Haki ya Mungu nakwambia, nimegonga mpaka mikono imevimba. Bado hajui kama umepiga simu."

"Usimtetee, shemeji. Wewe hujanikosea kitu."

"Simtetei. Nisikilize basi, uje wewe..."

"Njia zote zimefungwa, tumeambiwa tusitoke hapa mpaka polisi waje kulisindikiza basi. Ningeweza ningekuja." Nikasikia watu wanamwita nyuma yake. "Nitakaa mpaka basi liwashwe. Msalimie."

Nikakaa sakafuni, mgongo kwenye ule mlango. Nyuma yangu nilimsikia mume wangu akishangilia peke yake, akimsonya mwamuzi, akinyamaza. Na kila mdogo wake alipokuwa anarusha nilijua, kwa sababu mpira uleule ulirudiwa, ukarudiwa tena, na muda ukazidi kwenda. Saa kumi na moja ikafika, ikapita. Nililia kwa hasira. Nilimchukia mle ndani, nikamhurumia palepale, maana nilijua anamwangalia nani.

Honi zilikuwa zimetulia mechi ilipomalizika kwenye televisheni. Nikasikia mtangazaji anamkaribisha mrushaji anayestaafu aseme neno, na sauti niliyoisikia kwenye simu mchana ikajaa nyumba nzima. Akawashukuru wenzake, akamshukuru mkewe. Halafu akasema, "Kuna mtu mmoja katika mji huu ndiye aliyenifundisha kurusha. Mwenyewe anajijua. Kaka, leo nimemaliza, sina tena timu ya kutugombanisha. Nitakuwa hotelini, nitakungoja. Njoo."

Mlango ukafunguka nusura nianguke chali. Mume wangu alikuwa anacheka na machozi yanamtoka, kiatu kimoja mguuni, kingine mkononi.

"Umesikia?" akasema. "Ameanza yeye. Mbele ya watu wote, ameanza yeye. Liko wapi shati?"

Wala hakusema tumeshinda.

"Mume wangu, kaa kwanza."

"Nikae nini, na mtu ananingoja? Hebu nipe shati, nimwambie Redio anitafutie gari."

"Alisema hayo mchana."

Alinitazama kama mtu anayeambiwa jambo kwa lugha asiyoijua. Akageuka kuitazama televisheni. Mdogo wake alikuwa bado pale kwenye kioo, juani, anapungia watu mkono. Kisha akatazama mlango wa nje uliokuwa wazi, na huko nje taa za barabarani zilikuwa zimeshawashwa.

"Saa ngapi sasa?" akaniuliza.

Nikamwambia. Nikamwambia na lile basi, na zile simu mbili, na ile karatasi aliyoirudisha. Sikumficha kitu, nilikuwa sina nguvu ya kuficha. Alinisikiliza amesimama, kiatu bado mkononi.

"Ulipomwambia naangalia mechi, alisemaje?"

"Alisema mechi imeisha mchana."

Akawasha simu yake, akapiga ile namba ngeni iliyonipigia. Haipatikani. Akapiga tena na tena mpaka nikamshika mkono. Alikaa pale pale sakafuni nilipokuwa nimekaa mimi, akaanza kuandika ujumbe, akaufuta, akaandika, akaufuta.

"Niandike nini?" akasema. "Nikiandika ukweli ataniona namfanya mtoto."

"Andika ulikuwa unamwangalia yeye."

Akaandika hivyo. Alinionyesha kabla ya kuutuma: Nilikuwa nakuangalia wewe muda wote, nilikuwa sijui unaningoja. Nikamwambia utume. Akautuma.

Jibu lilikuja kesho yake wakati anajiandaa kwenda kazini. "Sawa, kaka." Mume wangu akajibu papo hapo, akaandika maneno mengi, akapiga na simu. Ikaita mpaka ikakatika. Amepiga tangu siku ile kila Jumapili, na mpaka leo hakuna aliyepokea.