Jasho la Mgonjwa wa Kuigiza

Fundi aliingia chumba cha mtihani moyo ukimwenda mbio. Wenzake walimwita hivyo kwa sababu alikuwa mshonaji kabla ya kuamua, mvi zikiwa zimeshachungulia, kusomea kazi ya kuhudumia wagonjwa na wazee. Mara ya kwanza alianguka: alimnywesha maji mgonjwa wa kiharusi, jambo lililokatazwa kwa sababu mtu huyo anaweza kupaliwa. Akianguka tena, chuo kingemwonyesha mlango.

Mtihani ulikuwa wa vitendo. Mwanafunzi mmoja hulala kitandani akaigiza ugonjwa ulioandikwa kwenye kadi, mwingine humhudumia, na Mwalimu hukaa nyuma kabisa ya darasa akitazama. Mgonjwa haruhusiwi kuacha kuigiza mpaka Mwalimu apige makofi.

Siku hiyo alilala Kasuku, kijana ambaye mdomo wake haukujua likizo. Fundi akachomoa kadi, akaisoma kwa sauti. Kiharusi!

"Shangazi, nihudumie vizuri," Kasuku akanong'ona. "Nisije nikafa kweli nikakuachia kesi."

"Nyamaza wewe. Mgonjwa wa kiharusi haropoki hivyo."

Akamwambia atabasamu. Mdomo ukaenda upande, vizuri kabisa. Akamwambia ainue mikono. Hapo Kasuku alipaswa kuuacha mmoja uanguke. Akainua yote miwili, na yote ikawa inatetemeka.

"Angusha mmoja! Umesahau?"

Kasuku akamtazama kama mtu anayemtafuta kwa mbali. "Mama... funga dirisha," akasema, ulimi mzito.

Darasa likaangua kicheko. "Kasuku bwana! Leo kajipita mwenyewe!"

Fundi hakucheka. Macho yake yalikuwa kwenye ukosi wa shati la Kasuku. Kitambaa cha bluu mpauko kilikuwa kimekolea rangi kwa unyevu, na feni ilikuwa ikizunguka juu yao. Akamgusa paji la uso. Baridi, na kiganja kikarudi kimelowa. Mdomo mtu anaweza kuupinda, mikono anaweza kuitetemesha. Jasho lile Kasuku angelitoa wapi?

Sukari imeshuka, akawaza. Lakini kama amekosea, atakuwa amemnywesha tena mgonjwa wa kiharusi mbele ya Mwalimu yuleyule.

"Mwalimu, huyu anaumwa kweli. Nasimamisha."

"Ukisimamisha, hiyo kadi imekufa, hupati alama."

"Na ife."

Kicheko kikakatika. Mwalimu alikuwa keshafika kitandani. "Kasuku, nitazame. Una kisukari?"

Kichwa kikaitika.

"Umejidunga sindano asubuhi? Ukala?"

Kasuku akafumba macho.

"Meza mate nione," Fundi akamwambia. Koo likapanda na kushuka. Akamwinua, akamnyang'anya jirani chupa ya soda, akamnywesha funda moja moja. Mwalimu akamtoboa kidole, akasoma kipimo: sukari ilikuwa chini sana. Wakasubiri, wakapima tena; ilikuwa inapanda.

Hatimaye Kasuku akafumbua macho vizuri. "Shangazi, kesi umeikwepa." Kisha akainamisha kichwa. "Niliogopa mkijua sitapewa kazi. Na leo nilijidunga, ila woga ulinifunga tumbo, sikula."

"Mimi na wewe tutaongea," Mwalimu akasema, bila mzaha hata chembe. Akamgeukia Fundi. "Kadi ilisema kiharusi. Umempa kitu mdomoni. Kwa nini?"

"Kiharusi kwa kawaida hushika upande mmoja. Huyu alitetemeka kote, na jasho la baridi. Nikahakikisha anameza kwanza."

Mwalimu akaitazama kadi. "Hukuimaliza. Siwezi kuandika kwamba umeimaliza."

Fundi akaanza kukusanya vitu vyake.

"Kwa hiyo chomoa nyingine." Mwalimu akamsogezea boksi la kadi, akavua viatu, akapanda kitandani, akajinyoosha. "Mgonjwa ni mimi. Haya, usinitazame hivyo."

Fundi akafuta mikono kwenye sare, akachomoa kadi. Kabla hajaisoma, akaweka kiganja kwenye paji la uso la Mwalimu.

Lilikuwa kavu.